Maswali ya Wasomaji: China inatafuta nini kwenye mikutano ya dunia?

Toleo lililopita niligusia, kwa aya mbili tu, ile siku ya Oktoba 1971 ambapo serikali ya Beijing ilipewa kiti cha China kwenye Umoja wa Mataifa, na Tanzania ikiwa miongoni mwa waliodhamini azimio. Sikutarajia barua nyingi namna hii. Nimechagua chache, nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwa kuwa baadhi yenu mmeomba hivyo. Nimefundisha historia sekondari maisha yangu yote ya kazi, na somo la namna mataifa makubwa yanavyotumia mashirika ya kimataifa ndilo nililolipenda kuliko mengine. Kwa hiyo mniwie radhi mahali nitakaporefusha.

Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu tunabishana. Wengine wanasema Afrika ndiyo iliyoiingiza China UN, wengine wanasema Marekani ndiyo iliyoamua kwa sababu Nixon alikuwa anataka urafiki na Mao. Nani mkweli?
*Mwanafunzi wa chuo, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kila upande umekamata kipande, ila vipande havilingani.

Anza na kiti chenyewe. China ni mwanzilishi wa Umoja wa Mataifa tangu 1945 na ni mmoja wa wale watano wa kudumu kwenye Baraza la Usalama. Mwaka 1949 wakomunisti wakashinda vita, serikali ya Chiang Kai-shek ikakimbilia Taiwan, na ikaondoka na kiti. Kwa miaka ishirini na miwili serikali iliyotawala kisiwa ndiyo iliyoshika kura ya turufu, ile inayoweza kuzuia azimio peke yake, kwa jina la mamia ya mamilioni ya watu wa China bara.

Marekani ilikilinda kiti hicho kwa kanuni za mkutano. Mwaka 1961 ilifanikisha uamuzi kwamba suala la China ni suala zito, linalohitaji theluthi mbili ya kura. Hesabu hiyo ilitosha kwa miaka kumi. Mwaka 1970 Beijing ilipata kwa mara ya kwanza kura nyingi kuliko waliopinga, 51 kwa 49, lakini theluthi mbili haikufika, mlango ukabaki umefungwa.

Ndiyo maana mapambano ya kweli ya Oktoba 25, 1971 yalikuwa juu ya kanuni. Marekani iliomba tena suala lihesabiwe kuwa zito. Ikashindwa kwa kura 59 dhidi ya 55, nchi 15 zikikaa kando. Wajumbe wa Taiwan walipoona hivyo walitoka ukumbini kabla ya kura ya mwisho. Azimio namba 2758 likapita kwa kura 76, zilizopinga 35, zisizoegemea upande 17. Katika zile 76, kura 26 zilikuwa za Afrika. Tanzania na Zambia zilikuwa kati ya wadhamini. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi ziliunga mkono. Zaire ya Mobutu ilipinga.

Sasa Nixon. Wiki hiyohiyo mshauri wake, Henry Kissinger, alikuwa Beijing akitayarisha safari ya rais. Wakati huohuo balozi wake New York, George Bush mkubwa, alikuwa anazunguka kutafuta kura ili Taiwan ibakishiwe kiti cha Baraza Kuu hata kama Beijing itaingia. Safari ya Kissinger iliwalegeza waliokuwa wanaogopa kuiudhi Washington, hilo sikatai. Lakini alichotaka Nixon hakikupita. Kilichopita ni kile walichodhamini kina Albania, Algeria, Tanzania na wenzao. Kwa hiyo ningekuwa kijiweni kwenu ningekaa upande wa wanaotaja Afrika.

Na kwa nini sisi tulikuwa mstari wa mbele? Mimi nimekulia Mlimba, kwenye njia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Baba alikuwa kibarua wa kufyeka msitu mbele ya mafundi. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli ile haina faida. China ikatoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, na kazi ikaanza Oktoba 1970 kwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ninavyowakumbuka wale wataalamu ni bustani zao. Kila kambi ilikuwa na matuta ya mboga yaliyonyooka kama yamepimwa kwa uzi, na jioni mtu aliyekuwa ameshinda handakini utamkuta ameinama anamwagilia kabichi. Walikunywa maji ya moto kwenye vikombe vya bati vyenye mfuniko, na sisi watoto tulivitamani vikombe vile. Kuna wataalamu wa Kichina ambao hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Mtu aliyeyaona hayo hakuhitaji kushawishiwa sana na balozi yeyote.

Somo ambalo China ililichukua ukumbini siku ile bado inalitumia. Kwenye Baraza Kuu kura ya Burundi na kura ya Ufaransa zina uzito mmoja. Tangu 1991 kila mwaka mpya waziri wa mambo ya nje wa China huanzia safari zake Afrika, bila kuruka mwaka. Hiyo ni nidhamu ya dola inayojua mahali kura zake zinapotoka.

Mwalimu, sisi Wazanzibari tunajivunia Salim Ahmed Salim. Inasemwa China ilimpigania mara kumi na sita awe Katibu Mkuu wa UN. Ilikuwa mapenzi au maslahi?
*Mzee mwenzako, Wete, Pemba*

Mzee mwenzangu, nakuheshimu kwa swali hili. Yote mawili, na nitakueleza maslahi yalikaa wapi.

Mwaka 1981 Kurt Waldheim wa Austria alikuwa amemaliza vipindi viwili na akataka cha tatu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Afrika kupitia OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, ikamsimamisha Salim, waziri wetu wa mambo ya nje wakati huo, hata miaka arobaini hajafikisha. Mgombea alihitaji kura 9 kati ya 15 za Baraza la Usalama, na asipingwe na yeyote katika wale watano wa kudumu. Upigaji kura ulianza Oktoba 27. Raundi ya kwanza Salim alipata 11, Waldheim 10. Yaani kwa kura za kawaida kijana wetu alikuwa anaongoza.

Marekani ya Reagan ikamzuia. Haikusahau namna Salim alivyoshangilia ushindi wa Beijing 1971, akiwa balozi wetu huko wa umri wa miaka 29, picha zikazagaa magazetini. Wala haikupenda misimamo yake juu ya Afrika Kusini na Palestina. China nayo ikamzuia Waldheim, raundi baada ya raundi, mara kumi na sita, ikisema wazi kwamba safari hii kiti kiende kwa mtu wa Ulimwengu wa Tatu. Mkwamo ulidumu wiki sita. Desemba, Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza mwezi ule, akawaomba wote wawili wakae pembeni. Ndipo akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Miaka mitano baadaye dunia ikajua Waldheim alikuwa ameficha sehemu ya historia yake katika jeshi la Ujerumani ya Hitler, na mimi kila nikisoma habari hiyo huwaza tulichokosa.

Maslahi yako hapa. China ya 1981 ilikuwa maskini, miaka mitano tu tangu Mao afariki. Haikuwa na fedha za kugawa kama leo. Ilichokuwa nacho ni turufu. Kwa kuitumia kumzuia Waldheim ilijenga heshima kwa bara zima, na haikuigharimu hata shilingi. Halafu ilipata ilichokitaka: Katibu Mkuu kutoka nchi zinazoendelea.

Ila mzee, turufu hiyohiyo nimeiona ikiangukia wanyonge, na sitaki vijana wasome nusu ya kwanza peke yake. Guatemala ilimaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka 36 mnamo Desemba 1996. Ilihitaji waangalizi 155 wa Umoja wa Mataifa wasimamie wapiganaji kuweka silaha chini. Januari 10, 1997 China ikapiga turufu, kwa kuwa Guatemala ilikuwa na uhusiano na Taiwan. Siku kumi baadaye, Guatemala ilipokwisha kuihakikishia Beijing mambo kadhaa, ruhusa ikatoka. Februari 1999 ikawa zamu ya Macedonia: nchi imeitambua Taiwan mwezi uliotangulia, na kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa kinazuia vita vya jirani visimwagikie ndani kikanyimwa muda zaidi. Mwezi uliofuata mabomu ya NATO yakaanza Kosovo, hapohapo mpakani.

Hili huniuma. Watu wa Guatemala waliozika ndugu zao kwa miaka 36 hawakuwa na ugomvi na China. Nawaambia wanafunzi wangu wa zamani wanaoniandikia: kwa Beijing, Taiwan ndiyo jambo la kwanza katika kila shirika, na mengine yote hupangwa nyuma yake.

Habari yako mwalimu. Mimi ni mhasibu hapa Nakuru. Nasikia Wachina wanaongoza mashirika mengi ya UN. Mkurugenzi mkuu wa shirika ana nguvu gani hasa, au ni cheo tu?

Ana nguvu, na mhasibu utaielewa upesi: ajira, bajeti ndogondogo, ajenda ya mkutano, na nani anaalikwa.

Kuanzia 2019 raia wa China waliongoza mashirika manne kati ya kumi na matano maalumu ya Umoja wa Mataifa: FAO la chakula na kilimo, ITU la mawasiliano, ICAO la usafiri wa anga, na UNIDO la viwanda. Hakuna nchi nyingine iliyokuwa na zaidi ya moja wakati ule. Tazama pia mashirika yaliyochaguliwa. Hayatangazwi kwenye taarifa za habari za jioni, lakini humo ndimo viwango vya mitambo ya simu vinapopangwa na kanuni za ndege zinapoandikwa. ICAO iliwaalika wajumbe wa Taiwan kwenye mkutano wake mkuu wa 2013. 2016, mkuu wa shirika akiwa Mchina, mwaliko haukutoka. Kwenye Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Taiwan ilikaa kama mtazamaji kuanzia 2009 hadi 2016, ikaondolewa 2017. Dunia ilipoingia kwenye korona, kisiwa chenye watu zaidi ya milioni 23 na wataalamu hodari wa magonjwa kilikuwa nje ya chumba.

Uchaguzi wa FAO wa Juni 2019 ndio ningependa uuchunguze. Qu Dongyu alishinda raundi ya kwanza kwa kura 108 kati ya 191. Mfaransa aliyemfuata alipata 71. Afrika ilikuwa na mgombea wake, kutoka Cameroon. Januari mwaka ule China ilifuta sehemu ya madeni ya Cameroon, na Machi mgombea wa Cameroon akajitoa. Hakuna aliyethibitisha kwamba jambo moja lilizaa lingine, na madeni China hufuta mahali pengi. Lakini sisi wenye njaa na mashamba makavu tulipaswa kuuliza kwa sauti kwa nini mtu wetu alitoka, na hatukuuliza.

Usifikiri hata hivyo kwamba hushinda kila mara. Mwaka 2020 iligombea WIPO, shirika la hakimiliki na hataza, Marekani ikafanya kampeni nzito, na kiti kikaenda kwa Daren Tang wa Singapore. Leo FAO ndiyo iliyobaki mkononi mwake katika yale manne.

Upande wa fedha, mwanzoni mwa karne hii mchango wa China kwenye bajeti ya kawaida ya Umoja wa Mataifa ulikuwa karibu asilimia 1. Katika makadirio ya 2022 hadi 2024 ulikuwa asilimia 15.25, na kuanzia 2025 umefika takriban 20. Marekani ni 22. Na Marekani inapojiondoa, China huwa imekwisha kusogeza kiti: Januari 2025 Washington ilitangaza kutoka WHO, na Mei mwaka huohuo Beijing ikaahidi dola milioni 500 kwa miaka mitano.

Mwalimu jambo. Huku Bukavu tumewaona miaka mingi askari wa Kichina wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani Kongo, hawakuwa wanapigana, walikuwa wanatengeneza barabara na hospitali yao ilitibu watu. Sasa wameenda. Walikuja kutafuta nini kwetu?

Ndugu yangu, pole kwa yote mnayopitia Kivu. Wale walikuwa kikosi cha wahandisi na madaktari, na China ilikuwa ikiwaleta Bukavu tangu 2003. Barabara walizotengeneza ni barabara kweli, na mgonjwa aliyetibiwa alitibiwa kweli. Naanza na hilo kwa sababu wachambuzi wengi huliruka.

Katika wale watano wa kudumu, China ndiyo inayotoa askari wengi zaidi wa kulinda amani. Jeshi lake lilikuwa halijapigana tangu vita na Vietnam ya 1979 na mapigano ya mpakani yaliyofuata; misheni za Umoja wa Mataifa zinalipatia uzoefu wa kusafirisha watu na mitambo mbali na nyumbani, kwa ruhusa ya dunia. Halafu kuna mali. Sudan Kusini, ambako kampuni ya mafuta ya serikali ya China ina visima, azimio la Mei 2014 lilitaja pia ulinzi wa raia kwenye maeneo ya mafuta, na mwaka uliofuata China ikapeleka huko kikosi chake cha kwanza kamili cha askari wa miguu. Walilipa pia: Julai 2016 wanajeshi wake wawili waliuawa Juba. Watanzania wanajua uchungu wa habari ya namna hiyo tangu Semuliki, Kongo, walikouawa walinda amani wetu Desemba 2017.

Mliowaona Bukavu wameondoka kwa kuwa MONUSCO yenyewe ilifunga Kivu Kusini katikati ya 2024, kwa matakwa ya serikali ya Kinshasa.

Assalaam alaykum mwalimu. Mimi naishi Muscat, asili yangu Unguja. Kila Ramadhani tunawaombea Waislamu wa Uyghur. Kwa nini nchi zetu, hata za Kiislamu, zinaitetea China kwenye Umoja wa Mataifa? Au yanayosemwa ni uongo wa Wamarekani?

Wa alaykum salaam dada yangu. Nitakujibu bila kuzunguka.

Agosti 31, 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, siyo Wamarekani, ilitoa ripoti juu ya Xinjiang, eneo la China wanakoishi Uyghur. Ilisema yanayofanyika huko, watu kufungiwa kwa wingi na kwa ubaguzi dhidi ya Uyghur na Waislamu wengine, huenda yakafikia kiwango cha uhalifu dhidi ya ubinadamu. China ilikana yote na kusema inapambana na ugaidi.

Oktoba 6 jambo likaja mbele ya Baraza la Haki za Binadamu, Geneva. Naomba uone udogo wa kilichoombwa: haikuwa kulaani, haikuwa vikwazo, wala tume. Iliombwa ripoti ijadiliwe tu, kwenye kikao kinachofuata. Waliokubali 17, waliokataa 19, wasioegemea 11. Mjadala ukazikwa hapo. Waliokataa ni pamoja na Pakistan, Indonesia, Qatar, Falme za Kiarabu, Senegal, Sudan na Mauritania. Malaysia na Gambia zilikaa kando. Nchi pekee ya Kiafrika iliyokubali ni Somalia.

Ukiuliza mabalozi sababu, watakwambia kwamba baraza lile huzigeukia nchi za Kusini peke yake, kwamba leo China na kesho sisi. Hoja hii ina mizizi. Tumeona Marekani ikiilinda Israel kwa turufu miaka nenda miaka rudi, na Mwafrika anayekumbuka hilo si mjinga. Sababu nyingine hawaisemi: madeni, barabara, viwanja, na hofu ya kukosa vyote. China inakwenda Geneva ikiwa imekwisha kuzungumza na mji mkuu mmoja mmoja, na kila mji mkuu una ombi lake mezani kwa Beijing.

Mimi msimamo wangu ni kwamba sisi Waafrika tulikosea. Taifa lililopata uhuru kwa kupigiwa kelele na wengine kwenye kumbi hizohizo halipaswi kuzuia hata mazungumzo juu ya watu waliofungiwa. Unaweza kuipenda TAZARA na ukasema hivyo. Baba yangu alikula kwa ile reli na mimi nasema hivyo.

Mwalimu, hapa Kampala tunaambiwa BRICS, umoja wa kina Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, na benki mpya za China zitatukomboa kutoka IMF. Tufurahi?
*Mfanyabiashara wa Kikuubo*

Soma vifungu vya kura kabla ya kufurahi. Kwenye IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16. Bila yenyewe hakuna kinachopita. Benki ya miundombinu ya Asia, AIIB, iliyoanza kazi Beijing Januari 2016 kwa mtaji ulioidhinishwa wa dola bilioni 100, inahitaji asilimia 75 kwa maamuzi makubwa, na China ina takriban 26. Piga hesabu mwenyewe. Marekani iliwasihi rafiki zake wasijiunge. Uingereza ikajiunga Machi 2015, na Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata ndani ya siku chache.

Mahali unapoweza kunufaika ni pale wakopeshaji wanapokuwa wawili. Mwenye benki moja hupokea masharti. Mwenye mbili huweza kulinganisha. Uganda imekuwa nchi mshirika wa BRICS tangu Januari 2025, lakini mshirika si mwanachama kamili, na wengi hapo Kampala wanalichanganya hilo. Mkutano wa China na Afrika nao, FOCAC, ambao Septemba 2024 uliahidi yuan bilioni 360 kwa miaka mitatu, ni ukumbi wenye mwenyeji mmoja na wageni zaidi ya hamsini, kila mgeni na orodha yake mfukoni. Tungeingia na orodha moja ya Afrika nzima tungesikilizwa tofauti. Tanzania na Zambia zilipokaa pamoja na China wakati wa mkutano huo na kutia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA, zilikuwa na jambo moja la kuzungumza, na likasikika.

Na usisahau kwamba China huchagua mahakama ya kuitii. Julai 2016 jopo la usuluhishi la The Hague liliipa Ufilipino ushindi juu ya Bahari ya China Kusini, chini ya mkataba wa sheria ya bahari ambao China imeuridhia. Beijing haikuhudhuria na haikuutambua uamuzi.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha Uraia kidato cha nne, Njombe. Nataka wanafunzi waone wenyewe nchi yetu inavyopiga kura. Nianzie wapi?

Hili limenifurahisha kuliko barua zote. Maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa ipo wazi kwenye intaneti, bila malipo. Ina sehemu ya kumbukumbu za kura; andika namba ya azimio na itatoka orodha ya nchi, Y kwa waliokubali, N kwa waliokataa, A kwa wasioegemea. Penye nafasi tupu, nchi hiyo haikupiga kura kabisa. Kiswahili hakimo, itabidi uwasaidie.

Waanzishe na azimio la Baraza Kuu la Machi 2, 2022 juu ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine: 141 walikubali, 5 walikataa, 35 hawakuegemea. Wape ramani tupu ya Afrika Mashariki waipake rangi. Watakuta Kenya, Rwanda na Kongo zimekubali, na Tanzania, Uganda na Burundi zimekaa kando pamoja na China. Waachie kipindi kizima wabishane kwa nini majirani wamegawanyika. Usiwape jibu mapema.

Uwatahadharishe mambo mawili. Maazimio mengi hupita bila kupigiwa kura, kwa hiyo hayatakuwa na orodha. Na chaguzi za wakuu wa mashirika, kama ule wa FAO, hupigwa kwa siri. Hapo hakuna kumbukumbu ya nchi gani ilimchagua nani, na njia pekee ya kujua ni kuiuliza serikali. Darasa likiandika barua kwa mbunge wa jimbo kuuliza Tanzania ilimpigia nani na kwa sababu gani, nitumie nakala ya barua na ya majibu. Nitayachapa hapa.